Usiichokoe kwa Waya

Mwanangu, weka spana chini kwanza. Kaa. Chai bado ya moto.

Nimesikia unataka kuifungua mwenyewe kabureta ya ile Land Rover ya marehemu babu yako. Nimefurahi, na sitakuzuia. Wapo watakaokucheka. Watakuambia siku hizi fundi anachomeka mashine ya kupimia na gari linajieleza lenyewe. Ni kweli kwa magari mengi ya Japani yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1990. Yale yananyunyiza petroli kwa amri ya umeme, hayana kabureta. Lakini gari la babu yako halina pa kuchomeka chochote. Na pikipiki nyingi zinazopita hapa mlangoni zina kabureta. Jenereta ya jirani ina kabureta. Mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho ina kabureta. Ukiijua hii moja kwa mikono yako, nyumba nyingi za Nachingwea na Ruangwa zitakuhitaji.

Kabureta haichoki upesi, mwanangu. Huchafuka. Ndani yake kuna vitundu, na kila kitundu kimetobolewa kiwandani kwa kipimo chake. Kazi yako ni kuondoa uchafu na kuviacha vipimo vilivyo. Unaikumbuka ile mizani ya zamani ya chama cha ushirika, ya mawe, tuliyopimia korosho kabla hazijaenda mnadani? Mtu akiifuta vumbi, amefanya kazi njema. Akilikwangua jiwe moja, hata kidogo, kila mkulima anayefuata atapunjwa, na hakuna atakayejua kosa liko wapi. Kabureta ni mizani hiyo. Inapima petroli na hewa.

Nikupe hesabu yake, maana ukiielewa mikono itatulia. Kilo 1 ya petroli inataka hewa karibu kilo 15 ili iungue vizuri. Ukitaka kwa ujazo, lita 1 ya petroli inaungua na hewa zaidi ya lita 9,000. Hewa hiyo inapitishwa kwenye koo jembamba la kabureta. Penye wembamba inakimbia, na inapokimbia msukumo wake hupungua, ndipo petroli inavutwa kutoka kwenye jeti. Mwitaliano Venturi aliliandika jambo hilo mwaka 1797, akichunguza maji kwenye mabomba, magari hayajawazwa. Mwaka 1893 Mjerumani Wilhelm Maybach akaunda kabureta ya kunyunyiza petroli kwenye hewa inayopita. Ile ya babu yako inafanya kazi hiyohiyo.

Sasa fikiri. Lita 9,000 za hewa kwa kila lita ya petroli, na hewa yenyewe ni ya barabara ya vumbi jekundu, mwezi wa Septemba, nyuma ya lori. Ndiyo maana nasema huchafuka.

Lakini kabla hujaigusa, hakikisha kosa ni lake. Mimi sikufanya hivyo. Nilikuwa bwana shamba kijana, nazunguka vijiji vya Nachingwea na vya Ruangwa. Wakati huo Ruangwa ilikuwa bado ndani ya wilaya yetu. Walijitenga mwaka 1995. Gari nililopewa likaanza kumisi kila likipanda mlima. Nikasema kabureta. Kila mtu husema kabureta, kwa sababu imekaa juu, inaonekana, na ina skrubu zinazozunguka. Nikashinda nayo kutwa. Nilipoifunga, gari likamisi vilevile. Kosa lilikuwa kondensa ndani ya distributa, kidude kinachoshikwa na skrubu moja. Kutwa yangu ilikwenda bure, na gasketi nzima nilikuwa nimeshaichana.

Kwa hiyo anza na umeme. Toa plagi uzisome. Zenye rangi ya kahawia hafifu, ni njema. Nyeusi zenye masizi makavu, petroli imezidi au cheche ni dhaifu. Nyeupe, petroli haitoshi, au hewa inaingia isikotakiwa. Tazama pointi, badili kondensa. Halafu fuata njia ya petroli kutoka mwanzo wake. Fungua kifuniko cha tanki. Kina kitundu cha kupitisha hewa, na tope likikiziba gari litakwenda kilomita chache lizimike, likipumzika liwake tena, na watu watailaumu kabureta. Kwenye pampu ya petroli kuna bakuli dogo la kioo; lioshe. Mwisho fungua chujio la hewa. La gari hilo ni la kumwagiwa oili chini yake. Ukikuta oili imegeuka udongo, imwage, osha, weka mpya. Nimeona magari yaliyopona hapo, spana haijafika kwenye kabureta.

Ukimaliza yote hayo na gari bado linaunguruma vibaya, halikai silensa, linanuka petroli, basi sasa ni zamu yake.

Nikueleze kwa nini nimekuandikia kichwa kile pale juu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1980, petroli adimu nchini kote. Natoka vijijini kuelekea Ruangwa, gari likakata nguvu. Safari hii kweli ilikuwa kabureta. Uchafu uliziba jeti kubwa. Nilikuwa na haraka, jua linazama. Nikachomoa uzi mmoja wa chuma kwenye waya wa breki ya baiskeli, nikaichokoa jeti mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Gari likawaka. Nikajiona fundi.

Tangu siku hiyo likawa linakunywa. Plagi zikawa nyeusi. Moshi ukatoka nyuma. Nilikaza skrubu hii, nikalegeza ile, hakuna kilichobadilika. Nikazoea. Hapo ndipo lilipo kosa lenyewe, mwanangu, kuliko ule waya. Nilizoea gari lenye kasoro kwa sababu lilikuwa linakwenda.

Kisha usiku mmoja mama mmoja kijijini akaniletea mtoto mwenye homa kali, nimpeleke hospitali. Nikapima petroli kwenye tanki kwa fimbo, nikaona itatufikisha. Kwa gari zima ingetufikisha. Tuliishiwa njiani, gizani. Mama yule alimalizia safari amepakiwa kwenye baiskeli, mtoto mgongoni, mimi nimebaki na gari lililosimama. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini mama yake hakuwahi kuniuliza kilichotokea, nami sikuwahi kumwambia kwamba niliichokoa jeti kwa waya.

Nilikwenda kwa mzee mmoja fundi, aliyejifunza kazi kwenye karakana za misheni ya Ndanda. Nikamwamkia. Hakuuliza kitu. Alitoa ile jeti, akaifuta, akanipa niisome. Ilikuwa na namba ndogo ubavuni. Kwenye kabureta nyingi za Zenith na Solex namba ile inakupa ukubwa wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. Ikiandikwa 125, tundu ni milimita 1.25. Akachukua biti nyembamba ya kipimo kilichoandikwa, akaigeuza, akapitisha shina lake kwenye tundu. Lilipita bila kugusa. "Umelitanua, kijana wangu," akasema. "Shaba hii ni laini kuliko waya wako."

Nilidhani ni jambo dogo. Yeye akanionyesha hesabu chini, kwa kijiti. Tundu la milimita 1.25 likiwa 1.30, macho hayaoni tofauti. Lakini eneo lake limeongezeka kwa asilimia 8. Na waya hautanui kwa mviringo. Unachimba upande mmoja, unaacha mikwaruzo, petroli inatoka imepinda. Hakuna skrubu ya nje itakayorekebisha hilo. Jeti ile ilibidi itupwe.

Basi jeti husafishwa hivi. Iloweke kwenye petroli safi usiku kucha. Pitisha unyoya mmoja wa brashi, au uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Puliza kwa upepo wa kompresa. Anayejaza matairi atakusaidia. Inua uitazame kwenye jua. Tundu liwe duara kamili. Bado lina utando? Irudishe kwenye petroli, ulale tena. Hakuna njia fupi hapo, na nimezitafuta.

Mji wetu huu ungepaswa kutufundisha habari za haraka. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga, Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Walitaka kulima ekari zaidi ya milioni 3 kwa miaka michache. Vita vilikuwa vimekwisha, watu kwao wanataka mafuta ya kula, viongozi wanataka matokeo. Matrekta yalishushwa kabla ya karakana na spea, na kabla watu hawajafundishwa kuyatunza. Mengi yalikufa upesi. Reli ilijengwa kutoka Mtwara mpaka hapa. Januari 1951 serikali yao ikatangaza kuuacha mpango, pauni milioni 36 zimekwenda, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Majina ya mashamba yamebaki. Farm 17, ambako baadaye Frelimo ya Samora Machel iliwafunza wapiganaji wake, jina lake limetokana na namba ya shamba la karanga. Wazee wetu waliokota ufundi wao kwenye yale machuma. Walijifunza kwa kutazama vitu vilivyovunjwa na watu wenye haraka.

Haya, turudi kwenye meza yako.

Usifanyie jikoni. Harufu ya petroli ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, inalifuata jiko la mkaa. Kaa nje, kivulini, upepo unapita. Toa waya wa betri. Simu weka mbali ukishamaliza kupiga picha, na watoto wasikaribie. Weka ndoo ya mchanga karibu. Hili silisemi kwa kukutisha. Nimewahi kuona ukumbi ukiungua kwa sababu ya kikombe kimoja cha petroli.

Kabla ya kufungua, safisha nje. Brashi na mafuta ya taa, mpaka uone rangi ya madini yake. Vijana wengi wanaruka hapa, wanafungua kitu kichafu, na vumbi la nje linaingia ndani walikokwenda kulitoa. Piga picha kila upande. Fimbo za akseleta zimeshikwa wapi, springi imekaa tundu lipi, choki inavutwa kutoka wapi. Piga nyingi. Sisi tulichora kwenye daftari, na michoro yangu ilinidanganya.

Tandika shuka jeupe. Tafuta trei la mayai. Kila kinachotoka kiingie kwenye shimo lake kwa mpangilio, cha kwanza shimo la kwanza. Skrubu zinafanana lakini urefu si mmoja, na ndefu ikikazwa pasipo pake inapasua madini. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereji wa skrubu. Bisibisi nyembamba ikiteleza mara moja, kichwa cha jeti kimeharibika, na hutaitoa tena.

Skrubu ya kurekebishia mchanganyiko, usiitoe kabla hujaihesabu. Izungushe kuelekea ndani taratibu, ukihesabu, mpaka iguse tu. Isikazwe. Ncha yake ni sindano, ukiikaza inaota pete na haitapima tena. Andika hesabu yako, hata kama ni mzunguko mmoja na nusu. Siku ya kufunga utanikumbuka.

Ukiinua sehemu ya juu, usimwage haraka petroli iliyo kwenye bakuli. Iangalie. Pale chini kuna habari zote. Ukiona vitone vinavyotembea bila kuchanganyika na petroli, ni maji. Petroli ya kwenye madumu vijijini huyapata masika. Magamba ya kahawia ni kutu ya tanki, na utasafisha kabureta mpaka uzeeke kama hujaliosha tanki. Udongo mwekundu, chujio lilikuwa halifanyi kazi. Utando wa kunata wenye harufu kali ni petroli iliyokaa muda mrefu ikageuka gundi. Mzee wa Ndanda alikuwa anamimina bakuli kwenye kitambaa cheupe, anakaa nacho, hasemi. Mimi nilikuwa nasimama nyuma yake nahesabu dakika. Sasa najua alikuwa anasoma.

Wakumbuke pia wachakachuaji. Kulikuwa na miaka petroli ya mitaani imechanganywa na mafuta ya taa, mpaka mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuwanyima faida. Gari linalogonga na kutoa moshi baada ya kujaza mahali fulani, kwanza badili petroli.

Geuza taratibu. Mahali fulani, kwenye njia ya pampu inayoongeza petroli ukikanyaga akseleta, kuna gololi ndogo ya chuma. Haijafungwa na kitu. Ukipindua kabureta juu chini bila kutazama itadondoka, itaviringika, na utafunga kila kitu ukidhani umemaliza. Gari litasita kila ukikanyaga. Pindua juu ya shuka, uso chini.

Floti itikise karibu na sikio. Ukisikia majimaji yanacheza, imetoboka na imekunywa petroli. Kama ni ya shaba, izamishe kwenye maji ya moto. Penye tundu patatoa mapovu. Usiipashe kwa moto kabisa, ina petroli ndani. Kisha sindano ya floti. Pitisha ukucha kwenye ncha yake. Ukihisi pete, imechakaa, nunua nyingine. Sindano iliyochakaa ndiyo inayofanya petroli imwagike na injini kuzama. Kwenye ripea kiti nyingi inakuja pamoja na gasketi. Urefu wa kukaa floti uko kwenye kitabu cha gari. Usikisie, hata kwa milimita moja, kwa kuwa kimo cha petroli ndani ya bakuli ndicho kinachoamua jeti itoe kiasi gani.

Kuna jambo la hiyo ya kwako hasa. Land Rover Series III ya injini ya lita 2.25 ilikuja na Zenith 36 IV, na nikiangalia picha ulizonitumia ndiyo hiyo. Kabureta hii ina ugonjwa wake. Kati ya kifuniko cha juu na kile kipande chenye jeti kuna oringi ndogo ya raba. Inakauka na kubonyea. Halafu nyuso zenyewe mbili zinapinda, kwa joto na kwa mafundi wanaokaza skrubu kwa hasira. Petroli inapita pale isikotakiwa, gari halitulii silensa, linanuka petroli, na unaweza kubadili jeti zote bila kupona. Weka rula ya chuma juu ya uso ule, inua kwenye jua. Ukiona mwanga chini ya rula, umepinda. Chukua kioo cha dirisha kilicho sawa, tandika msasa laini, lowanisha. Toa kwanza jeti na kila kinachotoka. Sukuma uso juu ya msasa kwa mizunguko, mkono mwepesi, ukiutazama kila mara. Alama za msasa zikienea uso mzima, acha. Osha mpaka maji ya kuoshea yabaki safi, maana punje moja ya msasa ikibaki ndani itatafuta jeti. Weka oringi mpya.

Huu ndio wakati ambao mtu atakuja na bomba la silikoni, akuambie paka tu, itaziba. Kataa kwa heshima. Petroli inaivimbisha silikoni, inaikata vipande, na vipande vinaingia kwenye vitundu ulivyovisafisha kwa siku mbili. Gasketi ikikosekana kwenye kiti, nunua karatasi ya gasketi, iweke juu ya uso wa kabureta, igonge taratibu kwa kichwa cha nyundo ndogo pembeni mwa madini mpaka mchoro utokee, kata kwa mkasi. Matundu yote yakatike. Ukisahau moja, umefunga mlango wa petroli kwa karatasi.

Raba na diaframu usiziloweke kwenye dawa kali ya kusafishia. Zifute tu.

Kufunga ni kurudi nyuma kwenye trei la mayai. Kaza kwa vidole kwanza, zote, ndipo bisibisi, kidogo kidogo, ukivuka kona kwa kona. Ukisikia kitu kinagoma, simama. Toa. Tazama. Mwanangu, madini ya kabureta ni laini mno, na nguvu zako ni za ujana. Jioni ukiwa umechoka, funika na shuka ukalale. Kazi ya kufunga niliyoifanya taa ikiwa mkononi, karibu yote niliirudia.

Ukishaiweka juu ya injini, kagua shina la kipepeo cha akseleta. Litikise. Likicheza sana, hewa inaingia hapo bila kupimwa, na itabidi fundi wa lezi alitengenezee bushi. Hilo huwezi nyumbani, na si aibu.

Washa. Litagoma mwanzoni, kwa sababu bakuli ni kavu; ipe stata kwa muda mfupi, ipumzishe, rudia. Likiwaka, liache lipate moto kabisa. Usirekebishe injini baridi. Kisha weka silensa ya chini inayotulia. Zungusha skrubu ya mchanganyiko kuelekea ndani, robo kwa robo, mpaka usikie injini inaanza kuyumba. Irudishe nje mpaka itulie na iende juu kidogo. Shusha silensa. Rudia. Ungeweza kumaliza kwa dakika tano, lakini sikio linahitaji zaidi. Kati ya robo na robo, subiri. Injini inachelewa kujibu.

Nikuombe na hili la mashine za salfa, kwa kuwa wakulima watakuja kwako. Tunapuliza mikorosho dhidi ya ubwiriunga miezi ile ya kiangazi, msimu ukiisha mashine inatupwa stoo na petroli yake ndani. Petroli ile imechanganywa na oili. Petroli inaruka hewani, oili inabaki, inaganda kwenye jeti nyembamba kuliko za gari. Mwaka unaofuata, mwezi wa Juni, ubwiriunga umeshaingia kwenye maua, mashine haiwaki. Mtu anavuta kamba mpaka mkono unauma, kisha anatafuta waya. Mkulima wa Ruangwa au wa hapa akipoteza wiki mbili za kupuliza, amepoteza sehemu ya ada ya shule. Waambie wakimaliza msimu wamwage petroli yote, wawashe mashine mpaka izime yenyewe kwa ukavu, waoshe chujio la unga wa salfa, wafunike. Waambie mapema, mwezi wa Septemba, wakati bado wana nafasi ya kusikiliza. Nami nilikuwa bwana shamba miaka yote ile, nikiwafundisha dawa na vipimo vyake, nikasahau kuwafundisha kuitunza mashine inayoibeba.

Siku ya kulijaribu gari, usiende mbali. Zunguka mjini, rudi, zima, fungua boneti uone kama pana unyevu kwenye gasketi. Ukiwa na uhakika, nenda barabara ya Naipanga na urudi. Toa plagi uzisome tena, uandike rangi yake pamoja na tarehe. Ukikuta moja nyeupe peke yake, tafuta hewa inayoingia kwenye gasketi ya manifoldi. Zikiwa nyeusi zote, fungua tena uangalie kimo cha floti kabla hujagusa jeti. Baada ya juma moja shusha lile bakuli la kioo kwenye pampu. Likiwa na magamba tena, tanki linakusubiri, na hiyo ni kazi ya watu wawili.

Jumapili nitakuwa nyumbani baada ya ibada. Kama sindano mpya haijaletwa kutoka Masasi, njoo na ile ya zamani kwenye karatasi, na daftari lako lenye hesabu ya skrubu. Mimi nitatafuta miwani.